Rudia Kidole

Ofisi yetu Chamwino ina dirisha moja, feni moja,
na mashine ya vidole isiyowapenda wakulima.
Taa ya kijani ikigoma, inaandika: RUDIA.
Nami nasema, kwa sauti ya serikali: rudia, bibi.

Leo aliyeketi mbele yangu ni mama yangu.
Ametoka Handali alfajiri, kitenge cha kanisani,
chupa ya maji, na risiti ya ushirika wa zabibu,
"huenda mkaitaka." Hatuitaki.
Nakifuta kidole kwa spiriti, nakibonyeza.
Rudia.
Nakipaka mafuta kidogo, kama tulivyofundishwa semina.
Rudia.
Gumba lake limelainika kama kokoto ya korongoni:
jembe, mchi, majivu ya kusugulia sufuria,
makasi ya kupogolea mizabibu ya watu,
vyote vimefuta mistari aliyozaliwa nayo.
Serikali inamtazama, haimwoni.

Vya Ndahani vilisomeka mara moja.
Mdogo wangu hakulima. Alikuwa kinyozi Majengo,
mistari yake yote ipo, mizima kama daftari jipya.
Walivichukua kisiwani, asubuhi waliyomtoa majini,
kabla ya chai, kabla ya blanketi,
kumi, kimoja kimoja, juu ya kioo.
Alidhani wanahesabu watu wa supu.

Kisha akatembea. Milima, treni, choo cha treni,
nchi ya pili, ya tatu,
hadi ya nne, ambako binamu wa rafiki anaosha vyombo.
Akaomba hifadhi. Akasema uongo mmoja na ukweli mwingi
(mimi ni karani, najua: uongo mmoja hutosha).
Wakamwambia, weka kidole hapa.
Taa ya kijani.

Nimejaribu kumweleza mama wanavyoelewana wale.
Mama, ni nchi nyingi. Lugha zao hazijuani,
walipigana hadi wakachoka,
hata tundu za soketi ukutani hawajakubaliana.
Lakini daftari la vidole ni moja.
Ukiandikwa mlango wa kusini, wa kaskazini unakusoma.
Polisi wa huku anampigia wa kule,
hakimu wa kule anaheshimu muhuri wa huku,
na mgeni ni mzigo wa aliyemgusa kwanza.

"Nasi tulikata ng'ombe masikio," mama anasema,
"kila ukoo na mkato wake.
Ila ng'ombe akipotea, alirudishwa kwa mwenyewe."

Foleni inakohoa.

Jana usiku Ndahani alipiga, kutoka chumba cha watu sita.
"Dada, wewe ndiye mwenye mashine.
Mtu afanye nini isimsome?
Wenzangu wanachoma kwa jiko la umeme.
Mmoja ametumia gundi."
Nikanyamaza. Jibu nilikuwa nalo.
Lima, nilitaka kusema. Lima shamba la mawe miaka arobaini.
Nikasema: usichome. Utashindwa kushika wembe.

"Sasa wanamrudisha?"
Jumanne, mama.
"Hapa?"
Hapana. Kule alikoshikwa kwanza.

Anavitazama vidole vyake,
rangi ya zabibu bado imejificha chini ya kucha.
"Aliyemshika kwanza ni mimi," anasema.
"Usiku, sakafuni, mkunga hajafika.
Nilimshika kwa hii mikono. Waandikie."

Hakuna mahali pa kuandika hivyo.
Kuna kisanduku kimoja tu, chini kabisa:
alama hazipatikani.
Sijakitia tiki.
Nafuta kioo kwa pindo la kitenge chake,
naomba kidole kingine, cha shahada, cha kushoto,
na feni inageuka, na bwana wa nyuma anaangalia saa.
Rudia, mama.
Taratibu.